Cherehani ya marehemu mama inakusanya uzi chini, naombeni msaada kabla sijaitupa

Binti_Mwanzange

Habari za jioni ndugu zangu. Wakubwa shikamooni.

Mama yangu alikuwa fundi. Alishona sare, foronya na madera ya nusu ya mtaa wetu hapa Tanga kwa cherehani moja tu, ile ya kukanyaga kwa miguu, kichwa cheusi chenye maua ya dhahabu. Alipofariki mwaka 2018 niliifunika shuka ikabaki pembeni ya sebule. Sikuwahi kujifunza, kwa sababu yeye alikuwepo. Sasa mwanangu anaingia darasa la tatu Januari, sare zote zimembana, na nimeweka nia kwamba safari hii sketi na shati atavaa vilivyoshonwa na cherehani ya bibi yake.

Nimefuta vumbi, nimenunua mafuta ya cherehani na kutia kwenye matundu. Gurudumu lilikuwa limekwama kabisa, sasa linazunguka ila bado zito. Nyuzi ninazotumia ni zile za mama zilizokuwa kwenye droo. Nikishona kidogo tu, juu mshono unapendeza, lakini nikigeuza kitambaa nakuta uzi umejikusanya mafundo mafundo, halafu unakatika. Nimekaza kibana uzi cha mbele mpaka mwisho, hola. Nikakilegeza, vilevile. Nikakaza na ile skrubu ndogo ya kwenye kesi ya bobini, kile kikopo kinachobeba uzi wa chini, ndiyo nikaharibu zaidi.

Kuna fundi alikuja kuitazama. Hakufungua chochote, akasema kichwa kimekufa ninunue kingine. Kama ni kweli nitakubali, lakini nataka nijue kwa hakika. Nianzie wapi?

Kijana wa Stendi

Dada, weka mafuta ya kupikia kidogo, yanalainisha haraka. Bibi yetu alikuwa anafanya hivyo.

Fundi Mstaafu

Binti, usitie mafuta ya kupikia. Kijana hana nia mbaya, lakini mafuta yale yakikaa yanaganda na kuwa kama gundi. Nimefungua vichwa vingi vilivyogandishwa hivyo, na ninaamini hata uzito wa gurudumu lako ni mafuta ya zamani yaliyokauka ndani. Oili ya gari nayo usitie, wala grisi. Ni yale mepesi, meupe, ya cherehani tu.

Sasa kwenye shida yako. Fundo likiwa chini ya kitambaa, kosa liko kwenye uzi wa juu. Watu wengi hukimbilia bobini kwa sababu huko ndiko wanakoona uchafu. Nikueleze kinachotokea. Sindano ikishuka, ncha ya shato, kile chuma cha chini kinachozunguka bobini, inadaka uzi wa juu na kuuzungusha kwenye bobini, na kwa kazi hiyo inavuta uzi mrefu. Kisha ule mkono unaopanda na kushuka usoni mwa cherehani unaurudisha juu uzi uliobaki. Kama uzi haujabanwa katikati ya visahani vya kibana uzi, mkono ukipanda unavuta uzi mpya kutoka kwenye kigurudumu cha uzi badala ya kuukaza ule wa chini. Ule wa chini unabaki umelegea, unajikusanya. Ndiyo maana ulikaza ukalegeza usione tofauti, uzi wako haukuwa ndani ya visahani hata kidogo.

Mguu wa kukandamizia ukiwa chini, visahani vimefumbwa. Inua mguu kwanza, ndipo utunge uzi, na uuvute uzame katikati yake. Hakikisha pia umepita kwenye kile kijispringi cha pembeni na kwenye tundu la mkono unaopanda. Ukiruka mkono huo, cherehani haiwezi kushona, hata iwe mpya kutoka kiwandani.

Nijibu haya: bobini yako inaingilia upande gani? Na ubapa wa sindano umeelekea wapi?

Binti_Mwanzange

Shikamoo fundi. Bobini inaingilia kushoto, kwenye kijimlango cha kuteleza. Kibana uzi kiko usoni, upande wa kushoto pia. Ubapa wa sindano… nimeuelekeza kushoto, nilidhani unaangalia nje. Na kweli nilikuwa natunga uzi mguu ukiwa chini.

Fundi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Basi hilo la pili.

Shika sindano utazame vizuri. Upande mmoja wa shina ni bapa, upande wa pili una mfereji mrefu unaoshuka mpaka tundu. Uzi unaingia tunduni kutokea upande wa mfereji, na shato inapita upande wa pili, penye kibonyeo kidogo juu ya tundu. Kwa kichwa cha aina yako, ambacho bobini inaingilia kushoto, ubapa unakuwa kulia na uzi unatungwa kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiigeuza, ncha ya shato inaukosa uzi au inaukata. Isukume juu mpaka igote, ndipo ukaze skrubu.

Na nunua sindano mpya. Omba ya cherehani ya nyumbani, yenye shina bapa upande mmoja. Zile za mashine za kiwandani shina lake ni la duara, usikubali kupewa. Kwa tetroni ya shati chukua namba 11, kwa kitambaa cha sketi namba 14. Namba 16 iweke kwa ajili ya jinzi.

Mama Nuru, Mombasa

Mwanangu, pole kwa mama. Mimi naongeza la nyuzi. Hizo za droo ziwache kama kumbukumbu, usishonee. Shika kipande kama shibiri, kivute kwa mikono miwili. Ukisikia kimekatika bila kukupa shida, uzi umeoza. Sisi wa pwani tunajua hewa ya bahari inavyokula vitu, na uzi wa pamba wa miaka saba kabatini hauna nguvu tena. Nunua uzi wa poliesta, na bobini ijaze uzi uleule wa juu.

Kijana wa Stendi

Asante kwa marekebisho fundi, nimejifunza. Ila mimi ningeuza hiyo nichukue ya umeme ya mtumba, ndogo, unaweka mezani. Si ingerahisisha?

Mkaazi_Unguja

Ndugu yangu, hilo lilinikuta mimi. Nilinunua cherehani ya umeme ya mtumba iliyotoka Japani, nzuri kabisa, inashona mpaka maua. Nikaichomeka ukutani. Haikumaliza dakika moja, ikatoa moshi. Japani umeme wa majumbani ni volti 100, wetu ni 230. Kibati cha chini kilikuwa kimeandikwa wazi, ni mimi sikukisoma. Za Marekani nazo ni volti 120. Anayenunua asome kibati kwanza, na kama ni volti hizo anunue na transfoma inayoweza kubeba wati za mashine hiyo.

Kwa dada yetu, nadhani abaki na ya miguu. Kwa anayejifunza ina faida kubwa: inakwenda kwa mwendo wako. Umeme ukikatika unaendelea na kazi. Moyo ukikuvuta baadaye, vichwa hivi vyeusi vingi vina mahali pa kufunga mota ndogo pembeni.

Fundi Mstaafu

Nakubaliana naye. Binti, kesho fanya usafi wa kweli. Piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kutoa kitu, hizo picha ndizo zitakurudisha nyumbani.

Pandisha sindano juu kabisa, toa kesi ya bobini. Utaona vishikio viwili vidogo vimebana pete. Vigeuze nje, toa pete, kisha shato yenyewe itatoka, ina umbo la mwezi mchanga. Humo ndani utakuta manyoya ya vitambaa yaliyoshikana na mafuta. Safisha kwa brashi. Fungua bati la sindano pia, usafishe katikati ya meno, maana uchafu ukijaa hapo meno hayapandi sawasawa na kitambaa hakisogei.

Panapozunguka kwa uzito tia mafuta ya taa matone machache, zungusha gurudumu kwa mkono dakika kadhaa, futa yale meusi yanayotoka, rudia mpaka yatoke masafi. Fanyia dirisha wazi, mbali na jiko. Yakikauka ndipo utie mafuta ya cherehani, tone moja kila tundu, na moja kwenye njia ya shato. Acha usiku kucha, mguu umekandamiza kitambaa kichafu kinyonye yanayovuja. Usije ukaanza na shati jeupe.

Ile skrubu ya kesi uliyoikaza, irudishe hivi: weka bobini yenye uzi, pitisha uzi chini ya kijibati, kisha ning'iniza kesi kwa uzi wake. Ikiteremka yenyewe hadi chini, imelegea. Ukiitikisa kidogo na haishuki hata kidogo, imekaza. Inatakiwa itulie, ukiitikisa ishuke kidogo isimame. Geuza skrubu robo ya mzunguko, si zaidi, kisha jaribu tena.

Mama Nuru, Mombasa

Na mkanda je? Mkanda wa ngozi ukikaa miaka hulegea, ukikanyaga gurudumu la chini lazunguka na la juu lateleza. Kata kidogo, kama nusu sentimita, toboa tundu jipya kwa msumari uliopashwa moto, rudisha kile chuma cha kuungia. Usikaze sana, miguu itakuuma.

Halafu jifunze kukanyaga bila uzi. Toa uzi, weka karatasi ya daftari yenye mistari, fuata mstari. Anzisha gurudumu la juu kwa mkono kuja upande wako, kisha miguu ifuate. Likienda kinyume uzi hukatika. Mimi marehemu nyanya alinikalisha kwenye karatasi siku tatu, hata kitambaa sikukigusa. Nililia, lakini leo mshono wangu umenyooka.

Binti_Mwanzange

Wapendwa, naandika mikono ikitetemeka. Siku nne sikuonekana, nilikuwa nayo.

Kwenye njia ya shato nilitoa donge la manyoya kubwa kama kucha ya kidole gumba. Ndani yake kulikuwa na vinyuzi vya bluu, bila shaka vya sare za watu alizoshona mwisho. Nimevihifadhi kwenye kijikaratasi. Mafuta ya taa nimerudia mara tano ndipo yakatoka masafi. Sasa nikilisukuma gurudumu kwa kidole linakwenda lenyewe mizunguko kadhaa.

Nyuzi za mama nilizivuta, zote zikakatika. Nikanunua mpya pamoja na sindano namba 14. Nikaweka ubapa kulia, nikainua mguu, nikatunga. Nikatumia uzi mwekundu juu na mweupe chini nione kila uzi unafanya nini.

Mafundo yamekwisha! Chini kumebaki vidoti vyekundu vinavyochungulia. Juu ni safi. Na mara nyingine nikianza tu kushona uzi unachomoka kwenye sindano. Hili ni la nini?

Fundi Mstaafu

Alhamdulillahi. Kichwa hakijafa hicho.

Vidoti vyekundu chini maana yake uzi wa juu umelegea kidogo. Kaza kibana uzi cha juu, nambari moja kwa mara, shona, geuza utazame. Ukiona vyeupe vinatokea juu, umepitiliza, rudi nyuma. Nyuzi mbili zikutane ndani ya kitambaa, zisionekane pande zote mbili. Fanya jaribio hilo kwenye kipande cha kitambaa kilekile utakachoshona, kikiwa mara mbili, kwa kuwa kila kitambaa kina lake.

Uzi kuchomoka: unaanza mkono unaopanda ukiwa chini. Ukipanda unauvuta. Anza na umalize mkono ukiwa juu kabisa, acha mikia ya nyuzi zote mbili kama sentimita 10 nyuma ya mguu, na uishike kwa hatua tatu za mwanzo. Na usivute kitambaa kwa nyuma. Wewe kiongoze tu, kukisogeza ni kazi ya meno. Ukivuta, sindano inapinda na kugonga bati.

Mkaazi_Unguja

Sketi ya marinda usikate kitambaa kwa kipimo cha kiuno dada, wengi hukosea hapo. Marinda yanayoshikana pande zote hula kitambaa mara tatu. Kiuno cha mtoto kikiwa sentimita 60, unahitaji upana wa sentimita 180, na nyongeza ya mishono. Pinda upindo wa chini kwanza, kisha panga marinda, yashikize kwa mkono, upige pasi, ndipo upeleke kwenye cherehani. Acha upindo mpana, mwakani utaufungua.

Binti_Mwanzange

Sketi imekwisha. Marinda kumi na sita, mawili hayalingani na mengine, nimeyaweka nyuma. Ameivaa toka asubuhi hataki kuivua.

Shati nimefika kwenye matundu ya vifungo nimekwama. Cherehani hii inakwenda mstari mnyoofu tu, haiyumbi kulia na kushoto. Mama alikuwa anafanyaje?

Fundi Mstaafu

Kwa mkono, mwanangu. Chora mstari wa tundu, urefu wa kifungo na unene wake. Uzungushie mshono wa cherehani wa hatua fupi, kijumba chembamba milimita 2 kila upande, huo utazuia kitambaa kisichanike. Kisha kata katikati kwa mkasi mdogo, ufunge kingo kwa sindano ya mkono, kila hatua ukipitisha sindano ndani ya kitanzi cha uzi ili kifundo kikae ukingoni. Jaribu kwanza kwenye kitambaa cha ziada, matundu matatu.

Binti_Mwanzange

Sasa nimekumbuka. Usiku alikuwa akikaa mkekani karibu na taa, mashati ya watu yamelundikana magotini, nyuzi nyeupe kazining'iniza shingoni. Nilidhani anafanya hivyo kwa kupenda kukaa na sisi. Nimekata kitambaa cha ziada, naanza tundu la kwanza.