Kama bado uliugua, ulichanja ya nini?

Mkulima wa Uyole (mwanzisha mada)
Wakuu, juzi kijiweni Kabwe ubishi wa Uviko (korona) umeibuka tena. Jamaa anasema baba yake alichanja JJ, ile chanjo ya dozi moja ya Johnson & Johnson, mwaka 2021, mwanzoni mwa 2022 akaugua vilevile, kwa hiyo chanjo ilikuwa kiini macho. Mimi nasema mzee aliugulia nyumbani akapona, na kazi ya chanjo ni hiyo. Majaribio ya ile dozi moja yalionyesha kinga ya kama asilimia 66 dhidi ya ugonjwa wa wastani hadi mkali, na 85 dhidi ya ule mkali. Nani aliahidi 100? Sisi wa viazi unapiga dawa ya ukungu, majani mawili matatu yanapata madoa, shamba linabaki.

Mzee wa Tunduma
Binadamu si kiazi, kijana. Huyo baba angeweza kupona hata bila sindano, utajuaje? Na wodini waliochanja walikuwemo. Niliwaona nilipokuwa namuuguza shemeji.

Nesi mstaafu, Iringa
Shikamoo mzee wangu. Kwa mtu mmoja huwezi kujua, hapo umesema kweli. Kinga inaonekana ukihesabu wengi. Tuchukue mfano wa kubuni: wazee 1,000, kati yao 900 wamechanja na 100 hawajachanja. Wanalazwa 9 waliochanja na 5 wasiochanja. Ukipita wodini utasema mbona waliochanja ndio wengi! Lakini 9 katika 900 ni mmoja kwa mia, na 5 katika 100 ni watano kwa mia. Wodini huwaoni waliobaki majumbani.

Ila tusifichane: Omicron, ile aina mpya ya kirusi cha korona, ilipoingia mwishoni mwa 2021, uwezo wa chanjo kuzuia maambukizi ulishuka sana. Kirusi kilikuwa kimejibadili, kingamwili nyingi (protini za mwili zinazonasa virusi) hazikukinasa. Zile seli za kinga zinazoua seli zilizokwisha kuambukizwa ziliendelea kukitambua, ndiyo maana wengi waliochanja walikohoa bila kufikia oksijeni.

Bodaboda Mwanjelwa
Shikamoo nesi. Nina miaka 24, sina sukari wala presha. Hiyo JJ Marekani waliiwekea masharti Mei 2022 kwa sababu ya damu kuganda. WHO nayo Machi 2023 ikatuweka watu wazima vijana wenye afya kipaumbele cha kati, si cha juu. Mbona sisi tuliokataa mlituona wajinga?

Nesi mstaafu, Iringa
Marahaba mwanangu. Waliokutukana walikosea. Damu kuganda ilitokea kweli, kwa watu wachache katika kila milioni, na kwa umri wako faida ya chanjo ni ndogo. Lakini WHO hiyohiyo iliwaweka mbele wazee na wenye sukari. Usije ukabeba hesabu yako ukampigia mama yako.

Bodaboda Mwanjelwa
Mama nilimpakia mwenyewe kumpeleka kuchanja, Agosti 2021. Ninachobishia ni mimi.

Mzee wa Tunduma
Kumbe! Na muda wote huo ulikuwa unatubishia nini?