Tupeane uzoefu: Uliichaguaje ampu (amplifaya) ya stereo yenye nguvu ya nyumbani?

Mleta uzi (Tabata, Dar)

Habarini wakuu. Kila mara kuna mtu anauliza "ampu gani ina mziki mnene kwa nyumbani?" na majibu yanakuja majina ya kampuni na wati, basi. Mtu anaingia Kariakoo na jibu hilo, anauziwa boksi lililoandikwa wati 5,000 PMPO (wati za kilele, za tangazo tu). Ukiligeuza nyuma, kibandiko cha karibu na waya wa umeme kinasema linakula wati 60. Kifaa kinachokula wati 60 hakiwezi kupeleka hata hizo 60 kwenye spika mfululizo, maana nyingine zinaishia kwenye joto. Inaniuma kwa sababu hela inayotolewa pale mara nyingi ni ya kujinyima. Waliochagua ampu ya stereo yenye nguvu naomba waeleze waliangalia nini, na sasa inapigaje.

Naanza mimi. Nilianzia kwenye spika. Zangu ni zile ndefu za kusimama sakafuni, omu 8 (kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme), na karatasi yake inasema desibeli 88 kwa wati 1, mita 1, yaani ukiipa wati 1 inatoa sauti hiyo ukiwa mita 1 mbele yake. Namba hiyo ndiyo iliyoamua mengine yote. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, na ili sikio liseme sauti imekuwa kubwa maradufu inabidi wati ziwe kama mara kumi. Kwa hiyo kuumiza kichwa kati ya ampu ya wati 80 na ya 100 hakuna maana, hiyo ni desibeli 1. Ila ukipata spika ya desibeli 91 badala ya 88, ni sawa na kununua ampu yenye nguvu mara mbili, na umeme haujaongezeka.

Nilichukua Yamaha A-S501, wati 85 kila upande kwenye omu 8, kipimo cha pande zote mbili zikipiga kwa pamoja, hezi 20 hadi 20,000, yaani kutoka besi ya chini kabisa hadi sauti ya juu kabisa. Sebule yangu ni mita 4 kwa 5, nakaa kama mita 3 kutoka kwenye spika. Kwa hesabu napata karibu desibeli 100 pale kwenye kochi kabla ampu haijaishiwa, na hiyo ni sauti kubwa mno kwa sebule. Jioni nikisikiliza rumba naamini hazifiki hata wati 2. Zilizobaki ni za ngoma na besi zinapopiga ghafla, na hapo ndipo utaona ampu imeshiba au inababaisha.

Kwa wanaodhani wizi wa wati ni wa kwetu tu: Marekani nayo iliwahi kujaa matangazo ya namna hiyo, mpaka mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho ikatunga kanuni kwamba muuzaji wa ampu ya nyumbani aseme nguvu ya mfululizo, kwa omu ngapi, na sauti inaharibika kwa asilimia ngapi. Maswali hayo hayo matatu ndiyo ninayomuuliza muuza duka. Asipoyajibu naaga.

Mdau wa Mwanza

Asante mkuu kwa uzi. Mimi ni mtu wa mitumba ya Japani. Kwa hela ya ampu mpya ya kawaida unapata mashine ya zamani ya wati 80 au 100 halisi, ina transfoma inayokuvunja mgongo ukiibeba. Ila soma nyuma kabla hujagusa soketi! Nyingi zimeandikwa AC 100V. Jirani yangu aliichomeka ya kwake moja kwa moja kwenye volti 230, ikatoa moshi kabla hata hajaunga spika.

Ya kwangu natumia transfoma ya kushusha umeme, 230 kuja 100. Ampu yenyewe inakula mpaka wati 300 hivi, mimi nikachukua transfoma ya VA 1,000 (VA ichukulie kama wati hapa). Muuzaji alinishangaa, lakini ya kubana inavuma na besi ikipiga volti zinashuka, halafu unailaumu ampu bure. Pia niliomba fundi apime umeme wa DC (wa mwelekeo mmoja, haufai kufika kwenye spika) kwenye matundu ya spika kabla sijalipa. Ikiwa chini ya milivolti 50 iko salama, ikisoma volti nzima ondoka, itaunguza wufa, ile spika ya besi. Sauti kukwaruza ukizungusha kitufe cha volumu isikutishe, mara nyingi ni uchafu, fundi anasafisha kwa dawa ya kupuliza. Kapasita (vile vikopo vya ndani vinavyohifadhi umeme) zilizovimba ndizo za kuogopa.

Mdau wa Nairobi

Niko Umoja. Mimi nilijengewa maboksi na fundi, kila moja lina spika mbili za gari, omu 4 kila moja. Fundi aliziunga sambamba, kwa hivyo kila boksi likawa omu 2. Ampu niliyotoa Luthuli Avenue nyuma imeandikwa wazi omu 4 hadi 16. Ilikuwa inapiga vizuri ukiweka chini, ukiongeza inajizima, inakaa kidogo inawaka tena. Nikaambiwa ninunue kubwa zaidi.

Kabla sijatoa pesa ingine, kijana mmoja wa duka la vipuri akanichorea kwenye karatasi: ziunge mfululizo, 4 na 4 zinakuwa 8. Ampu ni ile ile, maboksi ni yale yale, na sasa inapiga harusini kutwa nzima bila kuzima. Joto lake unaweza kuweka mkono juu. Watu hapa tunanunua wati wakati shida iko kwa omu.

Mdau wa Njombe

Sisi wa sola tukumbukwe jamani. Kijijini kwetu gridi haijafika. Nilianza na ampu ya kawaida yenye transfoma juu ya inveta ya bei nafuu, ile isiyotoa wimbi laini. Ikawa inaunguruma muda wote hata mziki ukiwa umezimwa, na betri inaisha mapema kwa sababu ampu za klasi AB (zile za kawaida) zinakula umeme hata zikikaa kimya.

Sasa natumia bodi ya klasi D (aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto) yenye chipu ya TPA3116, nimeiunga moja kwa moja kwenye betri, inveta haihusiki. Kwa volti 12 na spika ya omu 4 usitegemee zaidi ya wati 18 safi kila upande, hiyo ni hesabu ya umeme, hakuna ujanja. Nikaunga betri mbili mfululizo nikapata 24. Chipu hiyo mwisho wake ni volti 26, kwa hiyo angalieni chaja ya sola isivuke hapo, betri mbili zikijaa zinaweza kufika 28 na zaidi. Mimi nimeweka kifaa cha kushusha volti katikati, naipa 22. Spika zangu ni za desibeli 93, na jirani wa ng'ambo ya bonde anajua ninasikiliza nini.

Mdau wa Dodoma

Na hizi pawa za kanisani, yaani ampu kubwa za ukumbini? Bei yake kwa wati inavutia sana.

Mdau wa Mbeya

Nafunga mitambo kanisani na kwenye sherehe, nakujibu. Nguvu zinazo, na ni ngumu, hazifi ovyo. Shida ni feni. Ukumbini hakuna anayeisikia, sebuleni saa nne usiku inakuchosha. Na hazina kitufe cha kuchagua redio au simu wala rimoti, unahitaji miksa au priampu (kifaa cha kuchagua chanzo na volumu) mbele yake. Kama una chumba cha pembeni cha kuiweka na waya mnene wa kufika sebuleni, chukua bila wasiwasi.

Mdau wa Unguja

Mimi napinga kidogo wazo la "nguvu". Ninayo NAD 3020 ya marehemu baba, ampu iliyotoka mwaka 1978, wati 20 kila upande. Ishirini tu! Kwenye karatasi hata kiampu cha mezani kinaishinda. Lakini waliiunda iweze kusukuma mkondo mkubwa kwa muda mfupi, kwa hiyo spika ngumu haziishindi. Taarabu ya zamani ikipiga, fidla na kanuni (kile kinanda cha nyuzi) kila kimoja unakisikia mahali pake, na ngoma haimezi kitu. Nyumba zetu za Mji Mkongwe vyumba si vikubwa na kuta ni nene, wati 20 zinatosha na kubaki. Bwana wa Tabata amesema kweli kuhusu spika, namuongezea: upime chumba pia.

Mdau wa Arusha

Kuna hivi viampu vidogo vya kisasa vyenye chipu ya TPA3255, boksi linasema wati 300 mara mbili. Chipu si ya uongo, Texas Instruments wenyewe wanaitaja kwa 315 kwenye omu 4, ila ni pale sauti imeshaharibika kwa asilimia 10 na umeme ni zaidi ya volti 50. Sasa angalia adapta inayokuja nayo. Yangu ni volti 48, ampia 5, yaani wati 240 jumla kwa pande zote mbili. Hizo 600 zitatoka wapi? Hata hivyo nimeipenda kweli. Haichemki, inakaa kwenye kiganja, na wati 80 hadi 100 kila upande inazitoa bila jasho. Niliinunua kama ampu ya wati 100 na bei yake kwa hesabu hiyo bado ni nzuri.

Mdau wa Dodoma

Basi nisaidieni hesabu. Spika zangu ni desibeli 86, omu 6, sebule ni mita 6 kwa 7, nakaa mita 4. Fundi aliniambia ampu kubwa itaziunguza, nichukue ya wati 30.

Mleta uzi (Tabata, Dar)

Mkuu, twita (spika ndogo za sauti za juu) nyingi zinaungua kwa ampu ndogo iliyokamuliwa. Ikiishiwa nguvu inakata vilele vya mawimbi, na mkato huo unazalisha sauti nyingi za juu zinazoishia kwenye twita, ambayo koili yake ni nyembamba. Ampu kubwa nayo itaunguza ukifungulia mpaka spika zinalia, ila hapo utasikia zikilalamika, punguza. Kwa 86 na mita 4, wati 30 zitakufikisha karibu desibeli 92 kwenye kochi. Kwa mazungumzo na taarifa ya habari zinatosha, kwa mziki wa besi utakuwa unazikamua. Tafuta 100 halisi kila upande, upate kama 97, na hakikisha nyuma imeandikwa inakubali omu 6 au chini yake. Spika zenyewe zimeandikwa zinabeba wati ngapi RMS, yaani za mfululizo? Tupie picha ya kibandiko cha nyuma.