Jopo la kuajiri profesa wa biashara ya kimataifa lisilo na mjuzi hata mmoja wa fani hiyo: hili halikubaliki

Ndugu wadau wa elimu ya juu,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Niliomba nafasi ya profesa wa biashara ya kimataifa katika chuo kikuu ambacho sitakitaja, nikaitwa kwenye usaili, na nikakuta kwamba miongoni mwa watu waliokaa kunipima mimi na waombaji wenzangu hapakuwa na hata mmoja aliyebobea katika fani waliyokuwa wakiitafutia profesa. Kukosa kazi ningekuvumilia, maana kila anayeomba anajua kwamba anaweza kukosa.

Jopo lilikuwa na mhasibu, mtaalamu wa masoko, mwanauchumi na afisa utumishi. Ninawaheshimu katika kazi zao, lakini fani hii ina maswali yake yenyewe. Mwanauchumi Stephen Hymer, katika tasnifu yake ya uzamivu aliyoiandika katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1960, aliuliza jambo ambalo nadharia ya mtaji ya wakati ule ilishindwa kulijibu: kwa nini kampuni iende kumiliki na kuendesha kiwanda katika nchi ya watu, ambako wenyeji wanazijua sheria, lugha na wateja kuliko yenyewe, badala ya kupeleka fedha zake huko na kusubiri faida? Sehemu kubwa ya yale tunayofundisha leo, ikiwemo kazi ya mwanauchumi John Dunning kuhusu faida za umiliki, za mahali na za kufanya shughuli ndani ya kampuni yenyewe, imejengwa juu ya swali hilo. Nilipomtaja Hymer katika mhadhara wa majaribio, mjumbe mmoja alinikatiza akitaka kujua kwa nini natumia chanzo cha zamani namna hiyo, kisha akanishauri nijikite kwenye makala za miaka mitano ya karibuni. Mtu anayeijua fani angenibana kwa kuniuliza kama hoja ya Hymer bado inasimama kwa kampuni inayouza huduma zake nchi za nje kupitia intaneti bila kumiliki hata ofisi huko. Hilo ndilo swali la kumpima profesa, na halikuulizwa.

Mjumbe mwingine aliushika muhtasari wa kozi niliyopendekeza na kusema kuwa Incoterms, yaani kanuni za masharti ya kukabidhi mizigo kati ya muuzaji na mnunuzi, ni mambo ya mawakala wa forodha. Kanuni hizo zimekuwa zikitolewa na Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara tangu 1936, na toleo la 2020 lina masharti 11 yanayoamua ni wapi hasa hatari ya mzigo inatoka kwa muuzaji na kumwangukia mnunuzi. Chini ya sharti la FOB hatari hiyo inahama mzigo ukishapakiwa melini. Chini ya sharti la DAP muuzaji anaibeba mpaka mahali mzigo unakopelekwa. Mhitimu asiyejua tofauti hiyo atasaini mkataba utakaomgharimu mwajiri wake mzigo mzima, nasi tutakuwa tumempa shahada.

Kisha ukaja wakati wa kujadili machapisho. Makala nilizotakiwa kuwasilisha zilikuwa mezani mbele yao, bado zimo ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi. Hakuna aliyeifungua. Mwenyekiti alikuwa na orodha ya majarida, akawa anapitisha kalamu juu yake akiuliza jina la jarida na mwaka, basi. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, maarufu kama DORA, lililoanzishwa mwaka 2012, linataka kipimo cha athari cha jarida, yaani wastani wa mara ambazo makala zake hunukuliwa, kisitumike badala ya ubora wa makala yenyewe pale watu wanapoajiriwa au kupandishwa cheo. Kuweka alama kwenye orodha ni kazi inayoweza kufanywa na karani, tena kabla ya kumwita mtu kwenye usaili.

Na kuna suala la barua za wadhamini, ambalo naona ni dharau tupu. Zilidaiwa kwa kila mwombaji tangu siku ya kutuma maombi, kabla ya mchujo wowote, kwa hiyo maprofesa wenye shughuli zao waliandika kurasa nzima kwa ajili ya watu ambao huenda faili zao hazikusomwa. Baada ya usaili sikupata barua wala simu. Nilijua matokeo nilipoona jina la aliyeajiriwa kwenye tovuti ya kitivo. Sina neno naye, huenda anafaa kabisa, ila kwa utaratibu ule hata yeye hakupimwa.

Ninachodai ni kwamba kila jopo la uprofesa liwe na angalau wataalamu wawili wa fani husika kutoka nje ya chuo, wasome makala za waombaji na watoe maoni kwa maandishi kabla ya usaili. Nimeiandikia ofisi ya taaluma ya chuo hicho nikiomba kuoneshwa vigezo na alama zilizotolewa. Kama kuna mwenzetu aliyewahi kukata rufaa ya aina hii akasikilizwa, naomba aeleze hapa alianzia ofisi gani na aliambatanisha nyaraka zipi.