Mirathi ya mzee Dodoma, nisaini au nisubiri?

Shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi. Mzee wetu tulimzika Hombolo mwezi wa pili, mi nikarudi Uingereza baada ya arobaini. Jana kaka mkubwa kanirushia WhatsApp muhtasari wa kikao cha ukoo, anataka nisaini leo leo, anasema ana pawa ofu atoni ya mzee, ile karatasi ya kumruhusu afanye mambo kwa niaba yake, kwa hiyo ni kukamilisha tu. Kuna nyumba Area C, shamba la zabibu na hela kidogo benki. Nisaini?

---

Pole sana mdogo wangu, Mungu ampumzishe mzee. Usisaini kwanza. Hiyo pawa ofu atoni ilikufa siku ileile mzee alipokata roho, sasa hivi haiwezi kuuza hata mche mmoja wa zabibu. Anayeruhusiwa kugusa mali ni msimamizi wa mirathi, na ukoo unapendekeza jina tu, anayemteua ni mahakama. Tena msimamizi sio mrithi wa vyote jamani, anakusanya mali, analipa gharama za mazishi na madeni, kinachobaki anawagawia warithi, na mavuno ya zabibu ya mwezi wa nane nayo yanaingia kwenye mirathi, sio mfukoni kwake.

Huo muhtasari usome jina kwa jina. Wa kwetu ulikuja na watoto sita wakati tuko nane, wale wawili wa mama mdogo hawakuandikwa kabisa, nikazungushia kalamu nyekundu nikapiga picha nikawarudishia, wakakaa kikao upya. Iliniuma sana maana wale watoto ndio waliomuuguza baba.

Halafu muulize anafungua mahakama gani. Mirathi ya kimila au ya Kiislamu inapokelewa Mahakama ya Mwanzo kule marehemu alikokuwa anaishi, kama mzee aliishi maisha ya Kikristo au aliacha wosia wa Kikristo basi ni Wilaya au Mahakama Kuu. Chukua namba ya shauri. Kabla ya kuteua, mahakama inabandika tangazo, mtume mtu unayemwamini akasome ubao, mwenye pingamizi analipeleka kipindi hicho.

Wengi tunalala baada ya uteuzi. Mahakama ya Mwanzo inampa msimamizi miezi 4 arudishe Fomu Namba 5 ya orodha ya mali, halafu Namba 6 ya hesabu kwa vipindi mahakama inavyopanga, huko Wilaya na Mahakama Kuu orodha ni miezi 6 na hesabu ni mwaka 1. Mi nilikaa miaka miwili nikiambiwa "tunashughulikia", kumbe fomu hazijarudishwa na ng'ombe wameshauzwa. Omba nakala, asipopeleka mrithi yeyote anaweza kuomba mahakama imwondoe. Ila ukisikia hati ya Area C imeandikwa jina la kaka usipaniki, ardhi wanamwandika kwanza yeye kama msimamizi, ndio inahamia kwa mrithi.

Ukiridhika andika barua ya ridhaa, saini yako ishuhudiwe ubalozini.

---

Asante sana dada. Nimehesabu majina sasa hivi, mdogo wetu wa mwisho hayumo, yule aliyezaliwa Kondoa. Nampigia kaka usiku huu kabla hajaenda mahakamani.