Dau la mwao kuukuu, mashua nzima, au kuunda jipya: mngechukua lipi?

OmoWazi
Salaam wakuu. Natafuta dau la mwao, kile chombo cha tanga cha asili cha huku Lamu, lililokwisha kutumika, la kutembelea visiwani na wanangu, Amu (Lamu) hadi Pate, ikiwezekana na Kiwayu. Miezi minane nazunguka. Mashua zimejaa kila gati, dau ndilo silioni. Mwishowe nimepata moja, limepandishwa mchangani tangu kaskazi ya mwaka jana, halina mlingoti wala foromali, mti wa kufungia tanga. Mwenyewe aapa ni la mwao. Upande wa pili kuna mashua iliyo kazini kila siku, tanga zuri, lakini bei yake ni karibu mara tatu ya dau. Na fundi mmoja wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo hapa Amu, ameniambia niache vya watu, nilete mbao aniundie. Nipeni akili.

BiDemani
Mashua. Chombo kilicho majini leo unakijua kitakavyokuwa kesho. Kilicho mchangani ni bahati nasibu.

TezoKali
Bi Demani ana haki yake, ila mwenzetu hakuuliza chombo chochote, ameuliza dau. Kwa hiyo OmoWazi, kabla ya bei, hakikisha ni dau kweli. Siku hizi kila chombo kidogo kikuukuu huitwa la mwao ili kipate mnunuzi. Nenda nyuma. Dau limechongoka omo na tezi, yaani mbele na nyuma, mbao za pande mbili zinakutana kwenye fashini, mti wa nyuma. Mashua tezi lake limekatwa bapa, na ubapa huo ndio unaobeba mashine. Hii ni sababu moja kubwa ya madau kupungua: mvuvi akipata mashine, dau halina pa kuifunga. Wengine walikata tezi wakapigilia ubao. Kwa hiyo tazama mbao za nyuma kama zina umri mmoja na za ubavuni, na kama misumari ni ya namna moja.

Ukiridhika, toa kisu. Usihangaike na mbao za juu, hizo hubadilishwa kwa siku mbili. Ingia ngamani, chini ndani ya chombo, dunga mataruma (mbavu zake) pale yanapokalia mkuku, ule uti wa chini. Maji ya mvua hutuama hapo, nayo huozesha mti kuliko maji ya chumvi. Kisu kikizama kama kwenye papai, rudi nyumbani. Na ukikuta limepakwa deheni mbichi, yale mafuta ya kupaka chombo, wiki unayokwenda kulitazama, uliza kinachofichwa. Mwambie akwangue mbele yako, utafute vitundu vya wadudu wa majini. Kitundu cha nje ni kidogo kama cha sindano, ndani mti umekuwa sega la nyuki.

Pwani_Kusini
Kwa nini usitafute mtepe kabisa 😄

TezoKali
Mtepe wa kushonwa kwa kamba za mnazi? Ule ulioundwa 2003 uliwekwa kwenye makumbusho ya Beit al-Ajaib, Unguja, na jumba lenyewe sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Tuzungumze vinavyoelea.

MzeeWaMkanda
Mwanangu, mimi nimepita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na vyombo vyote hivyo. Mai yakitoka, mwenye jahazi husubiri, mwenye dau hupita akiimba. Kwa safari za Pate usidharau jambo hilo. Lakini wakati wa kusi, nje ya visiwa, na watoto ndani, mimi ningetaka ubavu mrefu zaidi.

BiDemani
Ndiyo hayo, mzee. Na mlingoti atautoa wapi? Mlingoti, foromali, tanga jipya la kitambaa cha marekani, henza ya kulipandishia, kalafati (kuziba nafasi za mbao) chombo kizima. Mimi nilinunua "rahisi" ya namna hiyo, matengenezo yakapita bei ya ununuzi kabla sijaonja maji.

TezoKali
Kweli. Nyongeza moja tu: chombo kilichokauka juani mwaka mzima kitavuja siku za kwanza, hata kiwe kizima. Kishushe, kilale maji, mbao zishibe. Hesabu unafua maji, yaani kuyatoa chomboni, mara ngapi siku ya kwanza na mara ngapi siku ya nne. Isipopungua, ni kalafati au ni ubao. Na usilipe kabla ya kuona karatasi za usajili za KMA, Mamlaka ya Bahari ya Kenya, zenye jina la muuzaji. Chombo cha urithi kina ndugu saba, na wa nane hujitokeza ukishalipa.

OmoWazi
Nimerudi. Nilikwenda na kisu, na mjomba wangu aliyekuwa baharia. Tezi lilikatwa zamani, likafungwa tena kwa mbao za mwembe, misumari mipya. Kwa hiyo dau lilifanywa mashua, kisha likarudishwa udau kwa ajili yangu mimi. Muuzaji alipoonyeshwa alicheka tu. Lakini kuanzia katikati hadi omo ni kitu kingine! Mataruma ni mbambakofi, matawi yaliyojipinda yenyewe, kisu hakikuingia. Na hanamu yake, ule mti wa mbele unaopasua maji, sijaona tena mfano wake.

MzeeWaMkanda
Fundi wa Matondoni ameliona?

OmoWazi
Nilimpeleka jana. Alilizunguka mara tatu bila kusema, akapima kwa kamba na kufunga mafundo. Hana mchoro, umbo analichukua kwa jicho. Anasema nusu ya mbele ibaki, yeye aunde nyuma upya kwa kufuata mkunjo wa mbele, na mataruma mazima yasitolewe. Bei aliyotaja iko chini ya mashua, juu ya nilivyotarajia.

BiDemani
Na watoto watapanda lini?

OmoWazi
Si kusi hii. Muuzaji amepunguza bei baada ya lile tezi, karatasi zina jina lake, nimeziona. Bamvua ijayo, maji makubwa yakijaa, tunalivuta hadi Matondoni nyuma ya mashua ya rafiki. Nani ana debe kubwa la kufulia maji aniazime?