Bunge la 12 lilikosa upinzani au lilikosa Spika?

Mgogo wa Kibaigwa (mleta mada)
Wakuu, Bunge la 12 limeshavunjwa, tuliseme sasa. Kila mada ya Bunge humu watu wanalia kwamba lilikuwa la chama kimoja. Hesabu ni kweli: Oktoba 2020 CCM walichukua majimbo 256 kati ya 264, ACT-Wazalendo 4, CUF 3, Chadema 1. Lakini mimi nasema idadi siyo iliyotuumiza. Bunge la 9 CCM walikuwa wengi vilevile, na bado ripoti ya Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura, ilisomwa mle ndani na Dkt. Mwakyembe, Spika akiwa Samuel Sitta, na Februari 2008 Waziri Mkuu akaachia ngazi.

Kilichotuumiza ni Januari 2022. Spika Ndugai alisema Dodoma, kwenye mkutano wa Wagogo wenzangu mwishoni mwa Desemba, kwamba kwa kukopa huku iko siku nchi itapigwa mnada. Akaomba radhi. Rais akamjibu hadharani. Tarehe 6 Januari barua ya kujiuzulu ikatoka. Mkuu wa mhimili mzima anaondoka kwa sababu ya sentensi moja, na katika wabunge wote wale sikumsikia hata mmoja aliyesimama akauliza, hivi mhimili wetu ndiyo unaangushwa hivi?

Februari 1 wakamchagua Dkt. Tulia kwa kura 376, kura zote zilizopigwa. Asilimia 100. Nauliza: Spika mwenye kadi ya chama tawala anaweza kulisimamia Bunge, au Katiba ibadilike?

Baharia wa Tanga
Mkuu, unamlilia Ndugai? Huyohuyo si ndiye aliyewaapisha wale wanawake 19 wa viti maalum wa Chadema tarehe 24 Novemba 2020, kwenye viwanja vya Bunge, Katibu Mkuu wao Mnyika akisema chama hakijapeleka majina yoyote? Aliyebomoa ukuta asilalamike upepo ukimpiga. Halafu tuambizane ukweli, viti maalum vyenyewe ni ubunge wa bwerere. Kina mama wanakwenda Dodoma kugonga meza, wanarudi na kiinua mgongo.

Mama Wawili
Baharia, ngoja kwanza. Bwerere?

Mama yangu mdogo aligombea viti maalum kwenye kura za maoni za UWT, umoja wa wanawake wa CCM, mkoani kwetu. Aliuza friji la biashara yake ya juisi ili apate nauli ya kuzunguka wilaya zote, maana wajumbe wanatoka mkoa mzima, siyo kata tatu. Siku ya kura nilikuwa naye nje ya ukumbi. Tangu saa mbili asubuhi hadi usiku wa saa nne, kashika kitenge chake mkononi anakikunja na kukikunjua, anasubiri ajieleze kwa dakika chache tu. Alikosa. Hakulia pale, alilia kwenye basi. Wewe ungeweza kwenda kuomba kura mkoa mzima bila gari?

Na wanaopata, hawana hata Mfuko wa Jimbo, ile fedha ya miradi ya maendeleo jimboni. Ule unasimamiwa na mbunge wa jimbo. Wa viti maalum akiombwa bati la zahanati anatoa mfukoni mwake. Sema wale 19 wana kasoro, sitakubishia. Usitumwagie wote maji machafu.

Baharia wa Tanga
Dada, pole kwa mama mdogo, lakini umenijibu kwa machozi. Nilizungumzia mfumo. Mbunge ambaye hakuna mwananchi aliyeweka tiki kwenye jina lake anamwakilisha nani?

Kaka Mkubwa
Baharia, kura zipo. Ibara ya 78 inagawa viti hivyo kwa uwiano wa kura ambazo vyama vimepata nchi nzima, mradi chama kifikishe asilimia tano. Ndiyo maana Chadema, pamoja na kuambulia jimbo moja tu, kilistahili viti 19. Wananchi walipiga hizo kura. Ugomvi ni nani aliyepeleka majina.

Na hilo jimbo moja ni Nkasi Kaskazini. Alilichukua nani? Aida Khenani, mwanamke, tena alitokea viti maalum vya 2015. Alimng'oa Keissy wa CCM mwaka ambao wanaume wenu wote wa Chadema walianguka. Halima Mdee naye aliingia 2005 kwa viti maalum, akaja kuichukua Kawe mara mbili. Rais Samia mwenyewe alianzia viti maalum Baraza la Wawakilishi mwaka 2000. Hiyo bwerere yako imezaa watu.

Mpenda Haki
"Wanaume wenu wa Chadema"? Kumbe ndiyo maana unawatetea. Chawa mnajulikana tu. Wanaume hao walianguka au waliangushwa? Usijifanye hukuwepo nchini mwaka 2020.

Kaka Mkubwa
Sijawahi kuwa na kadi ya chama chochote na sitaitwa chawa na mtu asiyenijua. Nimetaja nani aliingia bungeni. Kama una la kusema kuhusu uchaguzi ule, fungua mada yake, nitakuja.

Mwalimu Mstaafu
Vijana, shusheni sauti. Mimi suala la wale 19 linanikera kisheria. Kamati Kuu ya Chadema iliwafukuza uanachama Novemba 27, 2020, siku tatu baada ya kiapo. Ibara ya 71 inasema wazi, ukiacha kuwa mwanachama wa chama kilichokupeleka, kiti kinakwenda. Wao wakakata rufaa Baraza Kuu la chama, Baraza likakaa Mei 2022. Mwaka mmoja na nusu! Rufaa ikatupwa, wakaenda Mahakama Kuu, na Desemba 2023 Mahakama ikatengua uamuzi wa Baraza Kuu, kwa kuwa waliowahukumu kwenye Kamati Kuu walikaa tena kusikiliza rufaa. Muhula ukaisha wangali kwenye viti. Kwa hiyo kila mmoja ana mkono wake hapo: Spika, chama na waamuzi wa rufaa. Nimefundisha uraia miaka 31 na mwanafunzi akiniuliza leo wale walikuwa wabunge wa nani, nitakosa la kumjibu. Hilo linaniuma.

Mpenda Haki
Mwalimu, shikamoo. Lakini usikilaumu chama. Mwizi akiiba kuku wako utalaumiwa kwa kuchelewa kwenda polisi?

Mama Wawili
Sasa ni wezi wa kuku! Wanawake waliovunjwa mikono kwenye maandamano ya chama hichohicho miaka yote, leo wezi wa kuku. Mliwapa jina la ugonjwa mkawaita Covid-19, watu wenye watoto, wakwe na wazazi. Wanaume wangapi wa upinzani walihamia CCM na ubunge wao 2018 tukaenda kurudia uchaguzi kwa fedha za umma, wakapewa majimbo yaleyale? Hao mliwapa jina gani?

Baharia wa Tanga
Waliitwa wanaounga mkono juhudi za Rais Magufuli. Na hao nao siwatambui. Usinibebeshe lisilo langu.

Mgogo wa Kibaigwa
Wakuu, nimeuliza habari ya Spika. Hakuna hata mmoja aliyenijibu.

Kondoo wa Singida
Nikujibu mimi. Ndugai alijiuzulu mwenyewe mwaka 2021, hakufukuzwa. Mtu mzima akikosea akaomba radhi na kuondoka, huo ni uungwana. Na ameshatangulia mbele ya haki, Agosti 2025. Muacheni apumzike.

Mgogo wa Kibaigwa
Ilikuwa Januari 2022, mkuu, siyo 2021. Na mimi simsemi vibaya, ni wa kwetu. Tangu 2000 Kongwa walimpa kura. Sikubaliani na mengi aliyoyafanya, hili la CAG Assad 2019 lilinikasirisha sana, mkaguzi wa nchi kususiwa na Bunge kwa neno "udhaifu". Lakini ndiyo maana nasema shida ni kiti. Aliyekikalia alimkemea mkaguzi kwa neno moja, na yeye akaondoka kwa neno moja.

Niliwahi kwenda Dodoma na wanafunzi wa kwetu, tukakaa jukwaa la wageni. Mpambe wa Bunge anaingia na siwa, lile rungu la mamlaka ya Bunge, begani, Spika nyuma, ukumbi wote unasimama, hata Waziri Mkuu. Siwa inalazwa mezani, ndipo kikao kinaanza. Mtoto mmoja akaninong'oneza, "Mwalimu, huyu ndiye mkubwa kuliko wote?" Nikamwambia humu ndani, ndiyo. Nilimwambia nikiamini. Januari ile nilimkumbuka mtoto yule.

Kaka Mkubwa
Sasa umesema. Jibu langu: Katiba yetu tayari inaruhusu Spika asiye mbunge, ibara ya 84. Lakini lazima awe na sifa za kugombea ubunge, na sifa mojawapo ni kuwa mwanachama wa chama cha siasa. Kwa hiyo kadi inamfuata popote. Chama kikikasirika, kadi inachukuliwa na kiti kinakwenda nayo. Wale 19 walinusurika kwa sababu wenye Bunge waliwahitaji. Spika hakuwa na mahakama ya kukimbilia wala siku tatu za kujadiliana. Fungueni mlango wa mgombea binafsi kwanza, hayo mengine yatafuata.

Mpenda Haki
Mgombea binafsi bila tume huru ni bure. Na mkataba wa bandari na Dubai, Juni 10, 2023 walijadili siku moja wakapitisha. Spika huru angefanya nini na wabunge wa "naunga mkono hoja"?

Mwalimu Mstaafu
Angeongeza siku. Ratiba iko mikononi mwake. Kwa mkataba ule, hata siku tano zingetosha wananchi kuusoma kabla ya kura.

Mama Wawili
Mnaongea vizuri sasa, ila mmenipita. Kuna jambo moja hamjalisema: Waziri Mkuu lazima atoke kwenye jimbo. Mwanamke wa viti maalum hata awe na akili ya namna gani hawezi kuteuliwa. Katiba yenyewe imemwandika kuwa mbunge nusu, ndiyo maana watu kama Baharia wanapata mdomo. Nasubiri alifute lile neno.

Baharia wa Tanga
Dada, habari ya friji imeniingia. Mama yangu alikuwa na genge, najua maana ya kuuza kitu cha biashara. "Bwerere" nalifuta kwa mama mdogo wako na kwa wote waliozunguka kama yeye. Kwa wale 19 silifuti.

Mama Wawili
Nimepokea nusu. Hiyo nusu nyingine nakusubiri nayo hapahapa.