Kikundi: Wana wa Chumbageni

JUMATATU

Zuhura 06:12
Assalaam alaykum. Mama kaacha dawa ya kolesteroli. Nimezikuta nyuma ya chupa ya siki, pakiti karibu nzima. Anasema zinamla fizi.

Zuhura 06:14
Na kweli akipiga mswaki anatema damu, nimeona. Alhamisi aende Bombo, kwa daktari wa meno na kwa yule wake wa presha. Nataka watu wawili.

Zuhura 08:40
Tiki za buluu naziona jamani.

Salim (Muscat) 09:02
Waalaykum salaam. Nitume ndege au ngamia? 😂

Mwanahamisi 09:30
Dawa hizo mbaya. Mama Asha zilimkaza misuli akawa hapandi ngazi.

Rukia 10:15
Shikamoo Shangazi. Ndiyo natoka zamu. Nipigie picha dawa zote za Bibi.

Zuhura 10:17
Marahaba. [Picha] Atovastatini 20, amlodipini 10, junia aspirini.

Rukia 10:26
Basi wa kushukiwa kwanza ni amlodipini, ile ya presha. Baadhi ya watu inawavimbisha fizi mpaka zinapanda juu ya jino. Aspirini nayo, damu ikitoka haikati upesi. Ya kolesteroli mnaionea. Kuna utafiti wa 2013, waliopewa mg 80 za atovastatini uvimbe wa fizi ulipungua kuliko waliopewa mg 10, kwa wiki 12 tu. Sisemi ni dawa ya fizi.

Rukia 10:28
Misuli kuuma ipo kwa baadhi, anaambiwa daktari abadilishe. Ila Bibi asiache yoyote mwenyewe, hata hiyo ya presha. Na ugaga je? Mara ya mwisho kusafishwa meno lini?

Salim (Muscat) 10:31
Awamu ya pili 😂😂

Mwanahamisi 10:32
😂😂 Salim utakufa vibaya

Zuhura 10:33
Tuko kwenye jambo. Elfu ishirini kila mtu, nauli na meno. Mnatuma kwangu.

Omari 13:47
Kama ile ya bati?

Zuhura 13:48
Omari usianze.

Omari 13:48
Sijaanza. Nauliza risiti.

Mwanahamisi 13:55
Jamani, Mama yumo humu?

Zuhura 13:56
Simu yake kitochi, hayumo. Na risiti aliziona Baba, Mungu amrehemu, tusirudi huko.

Omari 13:57
Baba alikuwa haoni.

JUMANNE

Mjomba Hamadi 05:20
Nimesoma yote. Dada alinipigia juzi. Mlipomkataza tui na chapati, nyinyi mliendelea kupika, yeye mkamtengea bakuli lake jikoni. Hapo ndipo alipoanza kuficha dawa, fizi zimekuja baadaye. Nimemwambia azirudie leo, amekubali. La bati mtanieleza mimi, ana kwa ana, wote wawili. Humu sitaki kuliona tena.

Zuhura 05:41
Shikamoo Mjomba. Tumesikia.

Omari 06:30
Shikamoo Mjomba. Samahani.

Salim (Muscat) 07:10
Shikamoo Mjomba. Mimi natuma mshahara ukitoka.

Rukia 07:22
Shikamoo Babu. Shangazi, daktari wa meno akitaka kumpa antibayotiki aambiwe Bibi yuko kwenye atovastatini. Klarithromaisini haipatani nayo, inaweza kumuumiza misuli vibaya. Mimi Alhamisi niko huru mpaka saa nne asubuhi, baada ya hapo naingia kazini.

Mwanahamisi 08:05
Kwa hiyo asile asubuhi?

Rukia 08:09
Wakipima mafuta ya damu, wengine wanataka afunge kula tangu usiku, maji ruhusa. Ulizieni kwanza.

Zuhura 08:12
Nani wa kuulizia?

Zuhura 11:50
Nani wa kuulizia? Na baada ya saa nne nani anabaki naye? Omari, bajaji yako?

Omari 16:33
Iko kwa fundi. Akiimaliza kesho nakuja, ila nauli ya mafuta nani anatoa?